Namba ya Sikio la Atuganile

Marita, jirani yetu wa upande wa migomba, anadai kwamba Angetile alimjia juzi asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya milima ya Wakinga. Anasema alikuwa uani anapepeta ulezi, akasikia mtu anagonga chungu kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama wagongavyo wanawake wa Kikisi wanapotaka kujua kama chungu kina ufa. Akainua macho. Angetile alikuwa amesimama penye njia iendayo ziwani, chungu begani, amejifunga kaniki ile ile aliyochukuliwa nayo, na miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini, ingawa mwezi huu hata mto wenyewe mtu anauvuka bila kukunja nguo. Hakusalimu. Aliuliza neno moja tu.

"Imeandikwaje sasa?"

Marita akashusha ungo. Akageuka kuwatazama kuku, aone kama nao wameona. Kuku walikuwa wanaokota ulezi uliomwagika. Aliporudisha macho njiani, njia ilikuwa tupu.

Amenisimulia mara tatu tangu juzi. Mara ya kwanza maji yalikuwa magotini, mara ya pili yamefika mapajani, na jana yalikuwa kiunoni. Marita ndivyo alivyo, habari ikikaa kwake inaota matawi. Lakini neno lililoulizwa halikubadilika mara zote tatu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Angetile ana miaka mitano tangu afe. Marita hajui kusoma. Kwamba kosa lote lilikuwa katika namna sikio la mwanawe lilivyoandikwa kitabuni, tulilijua watu wachache, na hakuna aliyemwambia Marita. Bwana Mganga, Mdachi wa nyumba ya dawa, amechukuliwa na Waingereza katika vita hivi. Mume wangu Lutengano amechukuliwa na Waingereza hao hao kubeba mizigo. Angetile amekufa. Nimebaki mimi, na mtu mwingine mmoja ambaye siruhusiwi kusema naye.

Naandika mambo haya kwa mpangilio ili aliye mgeni asipotee.

Nilisoma miaka minne katika shule ya misheni, nikajua kusoma, kuandika na kujumlisha. Mwaka 1910 alikuja Mdachi mmoja kufungua nyumba ya dawa hapa kwetu, si mbali na ziwa. Tulimwita Bwana Mganga. Alijua Kiswahili alichofundishwa kwao, lakini Kinyakyusa hakujua hata kuomba maji. Akataka mtu wa kuwauliza wagonjwa kwa lugha yao na kuandika majibu kwa Kiswahili. Vijana wawili walijaribu kabla yangu, wakawa wanaandika walichokidhani. Mimi nilichaguliwa kwa sababu najua kungoja. Mgonjwa wa kwetu haanzi na ugonjwa. Anaanza na ng'ombe, anakuja kwenye mvua, anapita kwa mjomba aliyefiwa, halafu, ukiwa bado umenyamaza, anakuonyesha kidonda.

Juu ya meza yangu Bwana Mganga alitundika ubao wenye namba arobaini. Moja ilikuwa homa, mbili buba, tatu kifua, na kuendelea. Boma kule milimani, alisema, hawana nafasi ya kusoma habari za watu. Wanasoma namba, wanazihesabu, wanajua dawa gani iletwe na askari gani atumwe. Namba nyingi zilileta dawa. Chache zilileta askari, na hizo alizipigia mstari mwekundu.

Sikio lilikuwa na namba zake, nazo zilikuwa tatu. Tisa ilikuwa sikio linalotoa usaha. Kumi na nne, sikio lililoharibiwa na mkono wa mtu, nayo ilikuwa na mstari mwekundu. Thelathini na moja ilikuwa ya kiungo chochote chenye kasoro ambayo mtu amezaliwa nayo, kiwe sikio, mguu au mdomo.

Alinifundisha pia kutazama. Kilichokatwa huacha kovu, alisema, na kovu ni gumu, linang'aa, linavuta ngozi ya jirani. Alichozaliwa nacho mtu hakina kovu. Basi kila mgonjwa nilimwuliza mambo matatu: tangu lini, nani aliona kwanza, kovu liko wapi. Chini ya kila mstari niliandika jina la aliyetoa habari. Mwisho wa mwezi nilinakili yote katika karatasi, na tarishi akapanda nayo bomani.

Angetile alikuwa mke wa Yotamu, mwana wa kwanza wa mzee mmoja wa kanisa hapa kwetu. Alitoka Ikombe, kwa Wakisi wa chini ya milima, ambako wanawake wanafinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na watu wa hapa walimtania kwamba anaogopa ng'ombe. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe hajui kuogelea, amheshimu kwa lipi. Yotamu alikuwa mpagazi wa misafara, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwaka. Angetile alipokaribia kujifungua alirudi kwa mama yake Ikombe, na mama yake ndiye aliyemzalisha. Alirudi huku na binti wa miezi miwili, Atuganile, amefungwa kitambaa kichwani. Mwaka mzima kitambaa hakikutoka. Watu walisema ni mitindo ya Kikisi.

Marita ndiye aliyemwona bila kitambaa. Ilikuwa mwezi wa nne mwaka 1911, maji yamejaa mashambani. Alikwenda ziwani kuosha magunia, akamkuta Angetile ameketi mchangani kati ya vyungu vyake, mtoto mapajani, mdomo wake ameubandika ubavuni mwa kichwa cha mtoto. Angetile aliposhtuka na kuinua uso, Marita aliona kwamba pale penye sikio la kuume hapakuwa na sikio. Palikuwa na kitu kidogo kimekunjamana. Akatupa magunia, akakimbia. Kabla ya mchana kila nyumba ilikuwa imesikia kwamba mke wa Yotamu anamla mwanawe, ameanza na sikio.

Sasa lazima nieleze mambo mawili ya kwetu, bila hayo hakuna atakayeelewa.

La kwanza. Kwa wasiobatizwa, wakizaliwa mapacha, au mtoto akizaliwa na kitu cha ajabu mwilini, ukoo mzima hutengwa. Hawali na watu, ng'ombe wao hawachanganywi na wa wengine, mpaka aje mganga wa kazi hiyo awanyweshe dawa wote, wakubwa kwa wadogo. Mkristo akiinywa anatolewa kanisani. Asipoinywa, ndugu zake wanamkimbia. Kwa mzee wa kanisa mwenye ndugu wengi wasiobatizwa, mjukuu aliyezaliwa bila sikio ni shimo huku na shimo kule. Mjukuu aliyeng'atwa sikio na mama yake ni kosa la mwanamke mmoja, tena wa kutoka mbali.

La pili. Kwetu mwanamke hamwoni baba wa mumewe. Tangu siku ng'ombe wa posa wanapoingia zizini kwa baba yako, yule mzee huwezi kumtazama, huwezi kukaa naye nyumba moja, huwezi kusema mbele yake wala kutamka jina lake. Ukimwona njiani unaingia porini. Ukifumaniwa mahali pasipo na mlango wa pili, unajifunika kichwa, unageukia ukuta, unanyamaza mpaka aondoke. Naye kwa heshima yake anakohoa kwa mbali, ili mpate nafasi ya kujificha. Wamisheni wanasema desturi hii si dhambi wala si wokovu, basi waliobatizwa nao wanaifuata.

Miezi mitatu kabla ya siku ile ya magunia, ng'ombe wa Lutengano walikuwa wameingia zizini kwa baba yangu. Lutengano ni mdogo wake Yotamu. Kwa hiyo mzee yule alikuwa mkwe wa Angetile, na alikuwa mkwe wangu.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa mezani na kitabu changu nikasikia kikohozi nje. Sikufikiri. Mwili wenyewe uliondoka. Nilichukua kitabu na kalamu, nikaingia chumba cha dawa, nikasimama nyuma ya mlango kati ya chupa. Kupitia upenyo wa bawaba niliona kipande cha ukuta. Angetile alisukumwa ndani, akafika penye ukuta ule, akajifunika kaniki mpaka usoni, akageuka. Mtoto alikuwa mikononi mwa Bwana Mganga, analia.

Mzee alijua Kiswahili kizuri, alisafiri sana ujanani. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alisema mtoto amejeruhiwa na mama yake kwa meno, shahidi yupo, na kwamba yeye kama mzee wa kanisa hawezi kuficha uovu wa nyumba yake. Hakupandisha sauti. Nadhani aliamini, au aliona ni nafuu kuamini. Bwana Mganga akamwuliza Angetile kwa Kiswahili kama ni kweli. Kimya. Akamwambia mzee amwulize kwa Kinyakyusa. Mzee akauliza, amegeuza uso nje. Kimya.

"Mwambie, akikataa aseme sasa," Bwana Mganga alisema. "Akinyamaza nitaandika ulivyosema wewe."

 Nilijua kwa nini hasemi. Watu wote wa bonde hili wangejua, hata mtoto wa kuchunga ndama. Mtu mmoja tu hakujua, na huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua. Ningetoa neno moja kutoka nyuma ya mlango, "Bwana, mtoe mzee nje," mambo yangekwisha. Lakini sauti yangu ingesikiwa na mkwe wangu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Neli, uko wapi?" Bwana Mganga aliita. "Andika. Sikio la kuume. Kumi na nne."

Niliandika nimeegemeza kitabu kwenye rafu ya chupa. Penye jina la aliyetoa habari niliandika Andongwisye. Ndilo jina la mkwe wangu. Sijawahi kulitamka na sitalitamka, lakini kalamu haina sauti, na siku ile nilishangaa jinsi lilivyoandikika kwa urahisi.

Kwa nini Bwana Mganga hakulitazama lile sikio kama alivyonifundisha mimi? Alilitazama. Mtoto alikuwa anapiga mateke, mwanga wa mvua ulikuwa hafifu, na foleni ya wenye homa ilifika barabarani. Naye alikuwa na maneno ya mtu anayemheshimu upande mmoja, na kimya upande wa pili.

Siku nne baadaye Angetile alikuja peke yake kwa njia ya nyuma, mtoto mgongoni na chungu kidogo mkononi. Alinikuta nachemsha vitambaa. Hakulalamika.

"Mke mwenzangu," alinitania, maana tungekuwa wake wa ndugu wawili, "ulikuwa unanusa dawa nyuma ya mlango?"

Niliendelea kugeuza vitambaa kwa kijiti. Akamshusha mtoto, akafungua kitambaa, akaniambia nitazame. Nilitazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kinyama kidogo kilichokunjika kama uyoga mchanga, na mbele yake kipele cha ngozi kama punje ya ulezi. Tundu halikuwapo. Taya la upande ule lilikuwa dogo kidogo kuliko la pili. Nilipitisha kidole. Nimeshika masikio yaliyong'atwa na mbwa, yaliyoliwa na buba, na moja lililokatwa kwa panga. Hili lilikuwa laini kama ngozi ya tumbo. Hapakuwa na kovu hata la kucha.

Akanionyesha alichokuwa anakifanya siku ile ziwani. Alilaza kichwa cha Atuganile juu ya tumbo la chungu, upande uliofungwa ukigusa udongo, akainamia mdomo wa chungu akavumisha wimbo bila maneno. Mtoto akatulia, macho yakapanuka, akacheka. Halafu akaweka chungu kando, akabandika midomo yake nyuma ya kile kinyama, penye mfupa, akavumisha tena. Mtoto akacheka vilevile.

"Anasikia kwa mfupa," Angetile alisema. "Niligundua nikigonga vyungu. Mama yangu aliyenizalisha angewaambia alivyotoka, lakini tumemzika mwezi wa kwanza. Nakuomba wewe. Umeona kwa macho yako. Mwambie aandike ulichoona."

Nikamwahidi. Jioni ile ile nilimweleza Bwana Mganga yote, desturi na mfupa na ngozi isiyo na kovu. Alinisikiliza amekaa, kisha akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia mimi pia nilikuwa mkwe. Alifunika uso kwa mikono yake miwili. Akasema tarishi amekwisha kuondoka jana na karatasi. Na kitabu hakikwanguliwi. Namba yenye mstari mwekundu haibadilishwi kwa neno la mwandishi wala la mganga, wasije watu wakawahonga. Anaitengua yule yule aliyetoa habari, jina lake likiandikwa mara ya pili chini ya lile la kwanza.

Nilimtuma Lutengano kwa baba yake. Alirudi uso umemshuka. Mzee alisema kilichoandikwa kimeandikwa. Bwana Mganga alikwenda mwenyewe, wakazungumza nje ya kanisa. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba yeye si mtu wa kusema leo hivi na kesho vile.

Askari wawili walishuka wiki iliyofuata. Angetile aliomba aende na mtoto, wakakataa, maana mtoto ndiye aliyedhuriwa. Alimweka mikononi mwa mama yangu. Aliponipita hakusema kitu, alinitazama tu, na kabla ya kufika barabarani alitazama nyuma mara moja. Hakumtazama mtoto. Alitazama mlango wa nyumba ya dawa.

Shauri lake halikusikilizwa. Alingoja huko milimani miezi miwili, analala penye baridi asiyoizoea mtu wa ziwani, akisaga ulezi wa askari. Mwezi wa saba tarishi alileta karatasi za kurudi, nikawa nazinakili kitabuni, moja, moja, mbili, nikafika kwenye mstari uliosema: Angetile, mke, wa Ikombe, tatu. Na kando yake msalaba mdogo. Tatu ni kifua. Niliiandika kwa mkono wangu. Walikuwa wamemzika huko huko, si penye migomba ya mumewe wala si kwao. Yotamu alipopata habari hakurudi tena, wanasema ana mke mwingine upande wa Iringa.

Nikaolewa na Lutengano, nikamchukua Atuganile. Amekuwa binti wa kuniamsha asubuhi kwa maswali. Analala ubavu wa kushoto, sikio zima likiwa chini, lililofungwa juu, na wenzake wanamwogopa kwa hilo. Wanasema upande ule anawasikia waliolala chini ya ardhi. Wakigombana naye wanamwita mabaki ya mama yake. Mwezi uliopita alirudi kutoka mtoni akaniuliza sikio lake lilikuwa na ladha gani.

Bwana Mganga alipoambiwa kwamba Waingereza wamevuka mto Songwe, aliniita. Alifungua kitabu cha mwaka 1911 penye mstari ule. Chini yake, pembeni, aliandika kwa Kidachi na kwa Kiswahili kwamba namba hii imetenguliwa na aliyeitoa, sasa ni thelathini na moja. Akatia sahihi yake. Penye jina la mtoa habari aliacha wazi.

"Nimetia sahihi kitu ambacho hakijatokea," aliniambia. "Sijawahi kufanya hivyo. Wewe ndiye utakayejua kama kimetokea." Akanikabidhi kitabu, na kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikipiga kinaimba, alichokuwa anawapimia wasiosikia. Siku tatu baadaye walimchukua.

Sasa turudi kwa Marita. Jana, aliponisimulia mara ya tatu, nilichukua chungu, nikamlaza Atuganile kama nilivyoonyeshwa, nikamwambia Marita aangalie. Nilivumisha. Marita aliangalia mpaka machozi yakamtoka. Nikamwuliza, siku ile ya magunia, uliona meno au midomo?

"Mimi niliona mdomo na kichwa cha mtoto," alisema. "Meno niliyaona nikiwa njiani nakimbia."

Nikamwomba twende kwa mzee, maana anampelekea uji kila siku. Mzee hainuki tena, kifua kimembana, na waliomwona wanasema hafiki mwezi ujao. Marita akaniuliza, aende akajishitaki kwa ajili ya wino? Akachukua ungo wake akaondoka. Lakini leo asubuhi sikusikia akipepeta uani. Alikuwa amefunga mlango, jua lote lile.

Alipoondoka jana nilifanya jambo jingine. Nilikipiga kile chuma, nikakiweka nyuma ya kinyama cha Atuganile, penye mfupa. Hajawahi kuwekewa. Akanyamaza, kichwa kimeinama, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya maji.

"Unasikia nini?" nikamwuliza.

"Mama wa chungu," alisema. "Anauliza."

Alikuwa na mwaka mmoja na kidogo alipochukuliwa mama yake. Sikuwahi kumwambia habari ya chungu kabla ya jana, na nilimvumishia mara moja tu. Labda alichokumbuka ni hiyo mara moja. Sikumwuliza anauliza nini.

Leo alasiri nilimwacha kwa mama yangu, nikakifunga kitabu katika kanga, nikaenda nyumbani kwa mkwe wangu. Miaka yote mitano sijawahi kukanyaga ua ule kwa mbele. Nilizunguka kwa nyuma ya nyumba, penye ukuta wa mianzi ambapo kitanda chake kipo upande wa pili. Udongo umebanduka katikati ya mianzi, na pumzi yake inasikika, inapanda kwa shida na kushuka. Nilikaa chini, mgongo ukutani, ili hata macho yakikosea yasione kitu. Nilikunjua kitabu magotini, nikafungua chupa ya wino.

Nadhani alisikia kizibo. Alikohoa. Si kile kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile kingine, cha heshima, cha kumwambia mwanamke kwamba nipo hapa, jifiche. Miguu yangu ilijikusanya yenyewe iniondoe. Niliishika kwa mikono. Nilihesabu namba za ubao, moja homa, mbili buba, tatu kifua, mpaka moyo ukashuka.

Nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kumfikia, na ilitoka ndogo, kama ya mtoto wa shule anayeitwa ubaoni.

"Tata," nikasema, kama tumwitavyo baba, "ni mimi, mke wa Lutengano. Nisamehe. Siku ile Angetile alinyamaza kwa sababu ulikuwapo. Mimi nilinyamaza nyuma ya mlango kwa sababu hiyo hiyo. Kumheshimu mkwe kulituziba midomo sote wawili, na mwenzangu amekufa nako. Mtoto hana kovu, nimemtazama kila siku kwa miaka mitano. Kitabu kipo hapa, sahihi ipo, pamebaki pa jina lako. Sema tu kwamba alizaliwa hivyo, nami nitaandika."

Pumzi nyuma ya ukuta ilisimama. Nilichovya kalamu. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, kengele zao zikipita upande wa barabara, na kutoka njia ya ziwani nilisikia mtu anagonga chungu kwa kidole, taratibu, anangoja kati ya pigo na pigo. Sikugeuza kichwa. Jicho langu lilikuwa kwenye ile nafasi iliyo wazi, na tone la wino lilikuwa limevimba kwenye ncha ya kalamu.

Nikarudia, kwa sauti kubwa kidogo. "Tata, alizaliwaje?"